Vidonge vya vitamini navyo viulizwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo lililonikuta mwezi uliopita hapa Masasi, nilipomsindikiza binti wa marehemu dada yangu kliniki ya wajawazito. Zamu yake ya kumeza SP ilipofika, yaani vile vidonge vitatu vya kukinga malaria vinavyomezwa mbele ya muuguzi, aliulizwa kama kuna dawa nyingine anayotumia, akajibu hakuna. Mimi ndiye niliyekumbuka bahasha ya kaki iliyokuwa mkobani mwake, yenye vidonge vidogo vya njano ambavyo shoga yake alimwambia vinaongeza damu. Juu yake paliandikwa "1x1" kwa kalamu, basi. Jina la dawa halikuwapo. Ilinibidi nirudi dukani kusoma kopo: foliki asidi, miligramu 5.

Muuguzi alimwelekeza aviache na aendelee na vile vya kliniki, kisha akatueleza sababu. SP hukizuia kimelea cha malaria kisijitengenezee folati, vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake, na bila folati hakiwezi kuzaliana. Mama akimeza foliki asidi kwa kipimo kikubwa namna hiyo, nguvu ya SP hupungua. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba miligramu 5 au zaidi kwa siku zisitumiwe pamoja na SP, ilhali miligramu 0.4 hazina tatizo. Wapo wanaoandikiwa kipimo kikubwa na daktari kwa sababu maalumu, na hao wasiache dawa kwa kusoma barua yangu, bali wamuulize aliyewaandikia.

Simlaumu binti yetu, kwa kuwa kwetu vitamini huhesabiwa kuwa chakula, na wachuuzi wanaotufuata msimu wa korosho, fedha zikiwa bado mbichi mfukoni, hutangaza kwa vipaza sauti kuwa virutubisho vyao havigombani na dawa yoyote. Si kweli. Anayetumia ARV yenye dolutegravir, kwa mfano, akiimeza na vidonge vya chuma au kalsiamu bila chakula, madini hayo huishika dawa tumboni ikaingia mwilini pungufu; inatakiwa aimeze saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, au avimeze vyote pamoja na chakula. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, naye asianze vitamini K kienyeji, maana hupunguza kazi ya dawa hiyo.

Ninawaomba wenye maduka ya dawa muhimu, Mtwara na Lindi, waandike kwenye bahasha jina la kidonge na miligramu zake. Wauguzi nao, badala ya kuuliza "unatumia dawa nyingine?", waulize "unameza vidonge gani vingine, hata vya damu au vya vitamini?" Naamini kwa swali hilo binti yetu angefungua mkoba mwenyewe.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara