Mwanangu, kuhusu ile simu unayotaka nipige

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku. Niliusoma mara mbili, kisha nikazima simu nisije nikakujibu kwa hasira. Sasa nimetulia. Nimeona heri nikuandikie, maana nikikupigia utanikatiza, na haya ninayotaka kukwambia yana urefu wake.

Unasema kazi za kaunti zimetangazwa, na kwamba majina ya watakaozipata yanajulikana hata kabla ya usaili. Unataka nimpigie mheshimiwa kwa kuwa nilisoma naye darasa moja. "Simu moja tu, mama." Ndivyo ulivyoandika.

Pole, baba. Miaka miwili diploma iko kabatini si mchezo, na sikulaumu. Ila hiyo simu moja nimewahi kuisikia kwa lugha nyingine. Kule Beirut, Lebanoni, huiita wasta: kupita kwa mtu unayemjua.

Habari za Lebanoni, nilikofanya kazi za ndani, hujaniuliza, nami sijakusimulia. Ulikuwa mdogo. Ulichojua ni kwamba pesa zilikuwa zikija, kisha zikakoma, ukarudishwa nyumbani kwa karo. Leo nikueleze zilikomaje.

Madam wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane. Hakuwa mtu mbaya. Pasipoti yangu aliifungia kabatini kama walivyofanya wenzake wote, na ufunguo wa mlango nilikuja kupewa mwaka wa tatu. Nililala kwenye kichumba kando ya jiko, mashine ya kufulia ikivuma upande wa miguu. Mshahara ulikuwa dola 200 kwa mwezi. Hayo ni yangu, tuyaache. Ninataka umwone yeye.

Alikuwa na mpwa wake, kijana wa umri wako sasa. Huyo naye alitafutiwa kazi ya serikali kwa simu moja. Lazima ujue kule vyeo hugawanywa kwa madhehebu: rais awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia, na mgao huo unashuka mpaka kwa makarani. Kila kundi lina mkubwa wake. Ukitaka kazi, kibali, hata kitanda cha hospitali, unapitia kwa mkubwa wenu, nawe utamlipa siku ya kura. Ndiyo maana hawaondoki. Nabih Berri amekalia kiti cha spika tangu 1992, wewe hujazaliwa. Michel Aoun alipokuwa rais, waziri wa mambo ya nje alikuwa Gebran Bassil, mkwewe. Saad Hariri alishika uwaziri mkuu aliowahi kuushika baba yake. Madam alikuwa akicheka: serikali yetu ni karamu ya harusi, waalikwa ni wale wale, sisi wengine tunasikia ngoma tu.

Huyo mpwa aliniambia mwenyewe, akinywa kahawa niliyompikia, kwamba ofisini kwao wako sita na kazi ni ya mtu mmoja. Alikuwa akipokea milioni moja na nusu za lira, fedha ya kule, yaani kama dola 1,000. Aliona ameula.

Mwanangu, nchi ya namna hiyo inaishi kwa nini? Kwa kukopa. Tangu 1997 lira ilikuwa imefungwa kwenye dola, dola moja kwa lira 1,507 na nusu, na ili isiteleze zilihitajika dola mpya kila siku. Benki zikawapa watu riba nono wapeleke dola zao. Benki zile zikaikopesha benki kuu, benki kuu ikaikopesha serikali, na aliyetangulia akawa analipwa kwa fedha ya aliyekuja nyuma. Unaikumbuka ile michezo ya piramidi iliyowaliza watu hapa kwetu? Basi ndiyo hiyo, ila hii ilivaa tai. Gavana wa benki hiyo kuu, Riad Salamé, alikaa pale miaka 30 akisifiwa, na Septemba 2024 akakamatwa. Umeme, ndani ya Beirut kwenyewe, ulikuwa ukikatwa kwa muda wa saa tatu kila siku hata katika siku nzuri, na wenye majenereta ya mtaa wakitajirika. Asilimia moja ya watu walikuwa wakichukua karibu robo ya pato lote la nchi.

Madam alikuwa ameweka benki kiinua mgongo chake chote, kwa dola.

Oktoba 2019 serikali ikatangaza ushuru wa simu za WhatsApp, dola 6 kwa mwezi. Ndiyo, WhatsApp! Watu wakamiminika barabarani. Tulikuwa tukiwasikia kutoka roshani: kellon yaani kellon, wote maana yake wote. Benki zikafungwa wiki mbili. Zilipofunguliwa, Madam alivaa nguo za kutokea, akaenda kutoa pesa zake, akarudi mikono mitupu. Hakukuwa na sheria yoyote iliyopitishwa ya kuzuia akiba za watu. Benki zilijiamulia tu. Wenye wasta zao walikuwa wakizihamisha nje ya nchi, na mwalimu mstaafu alipangiwa foleni. Baadaye wakamwambia anaweza kuchukua dola zake, lakini kwa lira 3,900 kila moja, wakati mtaani dola imefika lira 8,000. Alikuja kukaa jikoni kwangu, mahali asipokaa kamwe, akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Hakulia. Alinambia tu nipunguze nyama.

Mimi nikawa nalipwa lira 300,000, zile dola 200 kwa hesabu ya zamani. Kufika Julai 2020 zilikuwa hazifiki dola 40. Ndipo pesa zilipokoma, baba. Wengine walikuwa na balaa zaidi: niliwaona mabinti wa Kihabeshi kwenye runinga, matajiri wao wamewashusha mbele ya ubalozi wao mdogo na mabegi, wakaondoka.

Tarehe 4 Agosti, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa naanua nguo. Sikumbuki mshindo. Nakumbuka kioo cha sebuleni kikiwa juu ya sufuria ya mchele. Tani 2,750 za nitreti ya amonia zilikuwa ghalani bandarini tangu 2014, maafisa wakiandikiana barua mara kwa mara, hakuna aliyeziondoa. Zaidi ya watu 200 walikufa. Jaji wa kwanza aliyethubutu kuwashtaki mawaziri aliondolewa kwenye kesi Februari 2021. Kila kiti kina mwenyewe aliyekiweka, nani amwajibishe nani?

Sasa nifike mahali ambapo sijawahi kumwambia mtu.

Kibali changu kilikuwa kimekwisha muda, na faini ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mwaka. Kenya haikuwa na ubalozi Beirut, ila konseli wa heshima, mtu wa kuiwakilisha tu. Nje ya ofisi yake walilala Wakenya wenzangu, juu ya maboksi. Palikuwa na dada mmoja wa Bungoma, usiku wake wa tano, tulimletea mkate. Madam akamkumbuka binamu anayemjua mtu. Akapiga simu. Simu moja tu. Kesho yake faili langu liliwekwa juu ya mafaili ya wenzangu, faini ikafutwa, wiki haikuisha nikawa ndani ya ndege. Nilipotoka pale mlangoni yule dada aliniuliza, "Umewezaje?" Nikamwambia Mungu ni mwema.

Aliondoka lini, sijui. Jina lake ninalo.

Kwa hiyo sina uso wa kukuhubiria. Mimi mwenyewe nilipita juu ya kichwa cha mtu nikuone. Na huenda leo ungeniambia, kama kila mtu anapiga simu, asiyepiga ni mjinga. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniuma, maana kule nako kila mmoja alisema hivyo hivyo.

Yule mpwa bado yuko kwenye kazi yake. Madam aliniandikia mwanzoni mwa 2022, lira ilipofika 30,000 kwa dola: ule mshahara wa dola 1,000 umekuwa 50, haumtoshi nauli ya kwenda kazini. Kumlaumu mkubwa wake hawezi, kwani ndiye aliyemweka. Mwaka ule ule wa uchaguzi alimpigia kura tena. Madam aliniandikia hilo baadaye bila neno la ziada, nami sikumjibu kitu.

Peleka maombi yako kwanza, na vyeti vyote, mkononi, si kwa kutuma mtu. Uliza wanahitaji nakala ngapi. Kisha Jumamosi njoo nyumbani, nitapika samaki wa nazi. Namba ya mheshimiwa utaikuta mezani nimeiandika kwenye karatasi. Ukitaka ipigwe, utapiga mwenyewe, nami nimekaa hapo nasikia utakavyomwambia.

Mamako