YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA NILIZOLIPIA KATIKA BEI YA MTOTO WA MBWA

Uyole,
Mbeya.

Meneja,
Kampuni ya Uzalishaji wa Mbwa,
Iringa.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu mtoto wa mbwa jike aina ya German Shepherd kwa shilingi 1,200,000, bei ambayo majirani zangu wafugaji wa ng'ombe waliposikia waliguna. Mimi siilalamikii. Najua kwamba mzalishaji makini hutumia fedha nyingi kabla hajauza hata mtoto mmoja, kwa kuwa huwapiga wazazi picha za eksirei za nyonga, kiungo ambacho mbwa wa aina hii huandamwa na kasoro yake ya kurithi, huwapa watoto dawa ya minyoo tangu wakiwa na wiki mbili, na hawatoi kwa mama yao kabla ya wiki nane.

Ninacholalamikia ni shilingi 350,000 zilizoandikwa kwenye ankara yenu kuwa ni za "vipimo vya wazazi na chanjo". Kadi niliyopewa ina tarehe moja tu iliyoandikwa kwa kalamu, pasipo stika ya kichupa cha chanjo wala saini na muhuri wa daktari wa mifugo. Daktari wa hapa Mbeya alikataa kuihesabu dozi hiyo akaanza upya, nami nikalipia kinga ileile mara ya pili. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi mtoto afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huweza kuidhoofisha chanjo hiyo. Kwa hiyo kadi isiyoaminika huvuruga ratiba nzima.

Kuhusu nyonga, nilipoomba picha kwa simu nilijibiwa kwamba wazazi "wanatembea vizuri". Mbwa mwenye kasoro hiyo anaweza kutembea vizuri kwa muda mrefu, na ndiyo maana hupigwa picha.

Naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mnitumie nakala za picha za nyonga za wazazi wote wawili pamoja na uthibitisho wa chanjo kutoka kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au mnirejeshee shilingi 350,000. Mbwa simrudishi, yeye hana kosa. Nisipopata jibu, nitaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani nikiambatisha ankara na kadi hiyo.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Uyole