Lamu yataka kivuli, si nyasi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hili suala la kupendezesha mji, kwa kuwa kila panapotajwa bustani hapa Lamu huletwa mchoro ule ule: nyasi katikati, maua pembezoni, mitende ya mapambo miwili mitatu, na kibao chenye jina la mgeni rasmi. Ikipita kaskazi moja, ule msimu wa upepo mkavu, kinachobaki ni kibao.

Nimeyaona haya kwenye kijibustani kimoja cha huku kwetu, ambacho sitakitaja kwa sababu hakiko peke yake. Nyasi zililetwa kwa mashua, zimekunjwa kama mikeka, zikatandazwa juu ya mchanga mtupu. Ulipofika Januari, upepo umekaza na mvua hakuna, zikageuka rangi ya makuti. Zilizosalia zililiwa na punda, na nadhani hao ndio pekee waliofaidi mradi ule.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa jua la pwani, nyasi zataka kama lita 5 za maji kila siku kwa kila mita mraba. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 ni lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20, kila siku ya Mungu. Na hapa ni kisiwani, maji matamu tunayategemea kwenye visima vya matuta ya mchanga wa Shela, na visima vingi vya mjini vimeshaingia chumvi. Mama anayenunua maji kwa mtungi mwambie kwamba leo mitungi 25 imemwagiwa nyasi, kesho vivyo hivyo, uone atakujibu nini.

Sasa nenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Hapana maua pale wala nyasi. Pana miti mikubwa na pa kukaa, basi. Lakini saa nane za mchana utawakuta wazee, wachukuzi, wageni na mapaka, wote wamejaa kwenye kivuli kimoja. Toka hapo uelekee gatini, hatua chache tu, na jua la utosi linakupokea. Huko baharini ndiko wanakoshukia abiria wa mashua, wagonjwa wanaoletwa kutoka visiwani, na watoto wa shule. Mti mmoja wa mkungu pale una faida kuliko bustani nzima ya picha.

Sisemi miti ipandwe kila mahali. Vichochoro vyetu vina kivuli chake tayari, kuta zimekaribiana mno hata jua halifiki chini. Na nyumba hizi za matumbawe na chokaa, ambazo ndizo zilizoufanya mji uandikwe na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, hazipendi mizizi. Anayetaka kujua mkuyu unavyopasua ukuta atazame gofu lolote lililoachwa. Vichochoroni vyatosha vyungu vya mwasumini mlangoni. Miti iende penye uwazi: baharini, viwanja vya shule, hospitalini.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji hawajalifikiria, nalo ni wanawake. Wanaume wana baraza za misikiti na za maduka, wana Mkunguni. Sisi wanawake bustani zetu zilikuwa kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba: mwasumini, mrehani, pengine na mlangilangi, na jioni mtu akichuma maua yake ya kikuba, kile kishada cha kunukia anachojipamba mwanamke. Siku hizi nyumba inagawanywa vyumba vya kupangisha, kiwanda kinaezekwa mabati, mwasumini unang'olewa. Basi mwanamke mwenye mtoto mchanga akitaka kupunga upepo Alasiri, akae wapi? Bustani ya umma ingekuwa na pembe yake yenye ukuta mfupi na viti, palipo na staha, ningeiita bustani hata kama haina ua hata moja.

Maji yatatoka wapi? Yanamwagika kila siku mbele ya macho yetu. Mji huu una misikiti mingi, na katika kila mmoja watu hutawadha mara tano kwa siku. Maji ya udhu hayana sabuni. Watu 60 wakitawadha kwa Adhuhuri peke yake, kila mtu lita 3, ni lita 180, na hizo zatosha miche 18 kwa lita 10 kila mmoja. Linalotakiwa ni fundi wa bomba atenganishe mfereji wa udhu na ule wa vyoo, na tangi la kukingia. Penye maji ya chumvi kidogo, ipandwe miti inayoistahimili, kama mkungu na mtondoo, tuachane na mawaridi. Mbolea nayo tunairuka njiani kila asubuhi: samadi ya punda, ikiachwa miezi mitatu ioze, ndiyo itakayoufanya mchanga uzuie maji. Kamati za misikiti zishauriwe mapema, kwa kuwa mali ya wakfu ina masharti yake.

Na wakati wa kupanda uangaliwe. Serikali inalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ilikuwa sikukuu ya kupanda miti nchi nzima. Jambo jema, ila kwetu mvua za vuli ni chache, na nyuma yake yaja kaskazi kavu mpaka Machi. Mvua zetu za kutegemea ni za Aprili na Mei. Tumeisikia mimbarini hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Nawaomba masheikh waihubiri tena, na safari hii wakumbushe kwamba mti uliokauka haulishi ndege.

Kwa wanaoandaa bajeti ijayo nina ombi moja. Fedha za miche zipunguzwe, za kumwagilia ziongezwe. Kijana wa mtaa apewe miche 30, alipwe kila mwezi kwa miaka miwili, na malipo yahesabiwe kwa miche iliyo hai. Mwanakandarasi azuiliwe robo ya fedha zake mpaka miche ipite kaskazi mbili, na uzio wa kuzuia punda na mbuzi uwe ndani ya kandarasi hiyo hiyo, usije ukaombewa fedha nyingine baadaye. Pa kuanzia ni pale gatini, kabla ya mvua za Aprili.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu