Barua kwa mwanangu aliye Kitakyushu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi ni wazima, na mama yako anauliza kama lile sweta limekutosha.

Umeniandikia kwamba wenyeji wako hukwambia Kokura, sehemu ya Kitakyushu unakokaa, iliokolewa na mawingu isipigwe bomu la atomiki mwaka 1945. Mimi niliyezeekea katika kazi ya kutabiri hali ya hewa naona mawingu hayo yanabebeshwa mzigo usio wao peke yao.

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, aina ya B-29, iliyoitwa Bockscar iliruka kutoka kisiwa cha Tinian ikiongozwa na Charles Sweeney, ikiwa na bomu la atomiki la plutoniamu lililokusudiwa kiwanda cha silaha cha Kokura. Enola Gay, ndege ileile iliyoipiga Hiroshima siku tatu kabla, ilikuwa imetangulia kuchungulia anga, ikaarifu kwamba panafaa. Taarifa hiyo haikuwa ya uongo. Ilichakaa tu njiani. Sweeney alizunguka juu ya kisiwa cha Yakushima kiasi cha dakika 40 akiingoja ndege ya tatu ya msafara wake ambayo haikutokea, na alipofika Kokura akaukuta mji umezibwa na mawingu, na wengi husema pia na moshi wa Yahata jirani, uliochomwa kwa mabomu ya moto jana yake. Amri ilitaka mlengaji, Kermit Beahan, aione shabaha kwa macho, si kwa rada. Walipita mara tatu bila kuiona, na kwa kuwa pampu mbovu ilikuwa imeyafungia mafuta ya akiba, zaidi ya lita 2,000, hawakuweza kuendelea kungoja. Wakageukia Nagasaki.

Huko nako kulikuwa na mawingu, mwanangu, na hili wenyeji wako hawalisemi. Beahan alipata mwanya, na saa 5:02 asubuhi bomu likalipuka juu ya bonde la Urakami, kilomita kadhaa kutoka mahali palipokusudiwa. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa. Bockscar ilitua Okinawa mafuta yakiwa ukingoni.

Mwanya kama ule hudumu dakika chache, na katika miaka yangu yote kituoni sikuwahi kuutabiri hata mmoja.

Ukienda Urakami wakati wa likizo, simama pale saa 5:02, uniandikie anga lilikuwaje.

Baba yako