Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkusanyiko Wetu wa Vidukari wa Mierebi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko nilivyotarajia na hadubini ya zamani imetengenezwa. Nafasi iliyobaki naitumia kwa kazi iliyotuchosha na kutufurahisha kuliko zote, yaani kuupitia upya mkusanyiko wa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mierebi.

Wengi huja wakiamini kwamba ukishaujua mti, umemjua na mdudu. Kwa mierebi haiko hivyo. Mti mmoja unaweza kubeba jenasi kadhaa kwa pamoja, hawa kwenye gome, wale kwenye vichipukizi, wengine chini ya jani. Tena mierebi yenyewe huzaa machotara kwa wingi, kwa hiyo lebo iliyoandikwa "Salix" peke yake, yaani jina la kisayansi la jenasi ya mierebi, haitufikishi mbali.

Wapo wasiohitaji mabishano. Tuberolachnus salignus hupita milimita 5, na kwa kidukari huo ni ujitu. Ana mwiba mweusi katikati ya mgongo, na ukimponda huacha doa jekundu kidoleni. Dume lake halijapata kuonekana. Majike huzaana wenyewe. Waliouliza kwa nini tunamfuatilia mdudu anayetambulika kirahisi namna hii waitazame Nyuzilandi, alikogunduliwa mwaka 2013. Umande wake mtamu una sukari iitwayo melezitosi, ambayo nyuki wakiikusanya, asali huganda ndani ya masega isitoke. Mwaka 2020 wataalamu wa huko walimwachilia nyigu mdogo, Pauesia nigrovaria, anayetaga mayai ndani ya kidukari huyo.

Pterocomma salicis naye hana shida akiwa hai: mwili wa kijivu cheusi wenye mabaka meupe ya nta, na mirija miwili ya nyuma yenye rangi ya chungwa. Akishakaa kwenye spiriti, nta na rangi hupotea, na hapo ndipo maswali huanza. Vichupa vingi vya zamani vimetukwamisha hapo hapo.

Aphis farinosa ametuletea barua nyingi. Ni mdogo, wa kijani chenye madoa, hujaa kwenye vichipukizi na kulindwa na sisimizi. Mapema kiangazi, wakati spishi nyingi bado hazifikirii kutaga, yeye tayari ana madume, nayo ni madogo na mekundu yakielekea chungwa. Mwanachama mpya akiona vijidoa hivyo katikati ya kundi la kijani, hututumia kama spishi ya pili. Tafadhali msivitenganishe, wekeni kundi zima katika kichupa kimoja.

Kuhusu Chaitophorus sina mengi. Nywele ndefu, mirija mifupi kama vikombe vilivyokatwa, mkia wenye kifundo: jenasi umeipata. Spishi zinasubiri mtu mwenye subira kuliko mimi.

Sasa Cavariella, chanzo cha mabishano yote ya mwaka. Jenasi yenyewe hujitangaza, kwani juu ya mkia kuna kijimkia kingine, na ukimtazama kwa ubavu utadhani ana mikia miwili. Kuvuka hapo ndiko kugumu. C. theobaldi ana mirija iliyonyooka, ilhali ya C. aegopodii imevimba kuelekea nchani. Lakini mirija iliyovimba wanayo na wengine, hivyo inabidi kupima pingili ya mwisho ya papasi (kipembe cha kuhisia), ncha yake nyembamba dhidi ya kitako cha pingili hiyohiyo, na kipimo hicho hukipati bila slaidi safi, yaani mdudu aliyebandikwa kwenye kioo cha hadubini. Nao hawatulii kwenye mwerebi: C. aegopodii huhamia karoti na jamaa zake wakati wa kiangazi, akibeba virusi vya mimea hiyo. Jina likikosewa, mkulima wa karoti anaonywa bure, au haonywi kabisa.

Baadhi yenu mlikasirika kamati ilipofuta majina ya spishi kwenye lebo nyingi na kuacha "Cavariella" tupu. Nasimama na kamati. Jina la jenasi lililo sahihi lina faida kuliko jina la spishi lililobahatishwa, hasa pale ambapo lebo ya zamani ilinakiliwa kutoka lebo nyingine bila mtu kufungua kichupa. Wanaotaka majina yarudi walete slaidi ya jike mzima asiye na mabawa, si kitoto, aliyechemshwa vizuri kwenye potasi hadi mwili ukapitisha mwanga.

Kuanzia sasa kamati inapendekeza kila sampuli iambatane na picha iliyopigwa kabla ya spiriti, sehemu ya mti alipokuwa, rangi yake, na kama sisimizi walikuwepo. Wenye uwezo wa kupeleka baadhi ya sampuli kupimwa vinasaba wanakaribishwa, mradi slaidi ya mdudu wa kundi lilelile ibaki kwetu.

Nawashukuru waliokesha kwenye hadubini, na katibu aliyevumilia barua zenu na zangu. Mtunza mkusanyiko anamaliza muda wake na hatagombea tena. Mkutano Mkuu utapigia kura pendekezo la sampuli na nafasi hiyo. Fomu ziko kwa katibu.

Mwenyekiti