Wu Lei hakwenda Hispania kuuza jezi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita kwenye kurasa zenu za michezo mlimweka Wu Lei, straika wa China, kwenye listi ya wachezaji waliosajiliwa ili klabu iuze jezi, nikaumia kweli. Ni sawa, tajiri wa Espanyol, klabu ya Hispania iliyomsajili, kipindi kile alikuwa Mchina na jezi zilinunuliwa sana kwao, hilo halina ubishi, ila kuishia hapo mnamwonea huyu mtu.

Wu Lei mechi yake ya kwanza ya ligi kacheza 2006 ana miaka 14, zao la akademi ya mzee Xu Genbao kule kisiwa cha Chongming. 2018 kafunga magoli 27, timu yake Shanghai SIPG wakabeba ubingwa wa China, tena kwenye timu yenye Wabrazili Hulk na Oscar, na ligi yenyewe ufungaji bora miaka nenda rudi ulikuwa wa wageni tu. Angebaki angekula maisha maana mishahara ya China enzi zile ilikuwa ya kufa mtu. Januari 2019, ana miaka 27, bega bado linamsumbua tangu Asian Cup, akaondoka kwenda kuanza upya.

Machi 2 akawafunga Valladolid, Mchina wa kwanza kufunga La Liga. Mei 18, siku ya mwisho ya msimu, akafunga la pili dhidi ya Real Sociedad, 2-0, Espanyol wakafuzu Europa League baada ya miaka 12 bila kucheza Ulaya.

Halafu ile mechi ya Espanyol na Barcelona, Januari 4, 2020. Nilikuwa kibanda umiza, karibu wote mle ndani mashabiki wa Barcelona, timu yao inaongoza 2-1 na watu washaanza kunyanyuka kwenye mabenchi. Wu Lei kaingia dakika ya 74. Dakika ya 88 mwenzake Vargas kampenyezea, jamaa kachomoka upande wa kulia, kapiga chini kwa chini kwenda kona ya mbali, kipa Neto kajirusha wapi, mpira huo nyavuni. Kibanda kizima kimya, nikabaki napiga makofi peke yangu na wala sikuwa shabiki wa Espanyol.

Msimu ule Espanyol walishuka daraja kweli, na katikati yake Korona ikampata. Angeweza kufungasha virago arudi nyumbani ambako wanamsujudia, hakurudi, kacheza daraja la pili mpaka wakapanda tena 2021 wakiwa mabingwa. Msimu uliofuata alikaa sana benchi, sikatai, na magoli yalikuwa machache kwa straika. Karudi Shanghai 2022, na 2024 kafunga magoli 34 ya ligi, rekodi, ana miaka 32.

Sisi wa huku tulitakiwa tumwelewe kuliko wengine. Olunga wetu, straika wa Kenya, alitokea timu ya China, Guizhou, akaenda Girona, mkoa ule ule wa Catalonia, akapiga hat-trick na Las Palmas Januari 2018. Tunajua vizuri mtu akitoka ligi isiyoheshimika anavyopimwa kwa dakika kumi kumi anazopewa, na anavyotakiwa kuthibitisha kila wiki kitu ambacho mwenzake hata haulizwi.

Kwa hiyo Mhariri, kama mtarudia ile listi, naomba hilo goli la Real Sociedad nalo muliandike.

Msomaji wenu, Mwanza