Kadi iliyoisha muda: barua ya wazi kwa Kamishna wa Masuala ya Wakimbizi, Kenya

Mheshimiwa Kamishna,

Salamu kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kazi yetu sisi ni karatasi: kujaza fomu, kusoma barua za ofisi pamoja na waliozipokea, kufuatilia maombi yaliyokwama. Tunakuandikia kuhusu jambo moja, nalo ni kadi ya mkimbizi inayoisha muda kabla mpya haijatoka.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ni bora kuliko ile ya 2006 iliyoifuta, na tunalisema hilo kwa moyo mweupe. Kifungu cha 28 kinampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kuendesha taaluma aliyosomea, na kinataka kitambulisho chake kiwe na nguvu sawa na cheti cha raia wa kigeni. Lakini haki zote hizo zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Kadi hudumu miaka mitano. Ikiisha, laini mpya ya simu haisajiliwi, wakala wa M-Pesa anaitazama na kuirudisha, benki inasimamisha akaunti, PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, haiombeki, na kibali cha kazi ndiyo usahau. Kisheria mtu huyo bado ni mkimbizi vilevile kama jana, maana kadi inathibitisha hadhi aliyokwisha kupewa. Askari wa kizuizi cha barabarani hana nafasi ya kuyapima hayo. Anaangalia tarehe.

Kwa nini kadi mpya inachelewa? Muda wenyewe wa kuchapisha na kusafirisha tunauelewa. Kinachotuumiza ni maombi yanayorudishwa kwa makosa ambayo mwombaji hakuyafanya, na mengi ni ya majina. Fomu inataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Mkongomani ameandikwa kwa mpangilio wake, jina la ukoo likitangulia, hivyo kwenye menifesti, ile karatasi ya usajili wa familia, yuko hivi na kwenye kadi yuko kinyume. Mrundi na mwanawe hawana jina la pamoja, kwa kuwa kwao kila mtoto hupewa lake. Karani anaona majina mawili tofauti na kuandika kwamba uzazi haujathibitishwa. Msomali ni Maxamed kwenye karatasi moja, Mohamed kwenye nyingine, Mohammed kwenye ya tatu. Halafu kuna wale wote waliosajiliwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku waliyofika walijua mwaka tu. Herufi moja ikipishana, mtambo wa kampuni ya simu unakataa, na hapo hakuna wa kumweleza.

Matokeo yake watu hutumia laini zilizosajiliwa kwa jina la Mkenya, jirani au rafiki. Siku wakikosana, au mwenye jina akihama au akifa, akiba yote iko kwenye jina la mtu mwingine, na mwenye pesa hana pa kushtaki.

Ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Mtu akishatoa alama za vidole ili kadi yake ifanywe upya, apewe stakabadhi yenye picha, namba yake ileile ya zamani na msimbo ambao askari au karani wa benki anaweza kuukagua kwa simu. Kisha Idara yako ya Huduma kwa Wakimbizi itoe waraka kwa Polisi, Benki Kuu, Mamlaka ya Mawasiliano na KRA kwamba stakabadhi hiyo pamoja na kadi ya zamani vinatosha mpaka kadi mpya ikabidhiwe mkononi. Tunasisitiza mkononi, maana kuna kadi zinazotoka na zisifike kwa mwenyewe kwa kuwa ujumbe ulitumwa kwenye namba ya simu iliyokwisha kufungwa. Kwa kosa la majina, ofisa wa kambini apewe mamlaka ya kulisahihisha kwa kiapo na menifesti, bila jalada kusafiri hadi Nairobi.

Kibali cha kutoka kambini nacho kimefungwa na kadi hiyohiyo. Mfanyabiashara wa Kakuma anayetaka kununua mzigo Kitale lazima aombe, aeleze sababu, asubiri, na akipewa ahesabu siku. Gari likiharibika njiani, kibali kinamwishia barabarani. Wengi huishia kumtuma mtu mwingine na kumlipa, na bei ya unga Kakuma inabeba malipo hayo. Julai 2013 Mahakama Kuu ilifuta mpango wa kuwakusanya wakimbizi wa mijini na kuwapeleka kambini, ikazingatia pia uhuru wao wa kutembea. Tunaomba, wakati vibali hivi bado vipo, mwenye biashara iliyosajiliwa apewe kimoja cha miezi sita cha kwenda na kurudi mara nyingi.

Kuhusu kibali cha kazi cha Daraja M, kile cha wakimbizi, tutasema kifupi. Hakina ada, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba kinadai barua ya mwajiri, na mwajiri hataki kuandika barua kwa mtu asiye na kibali. Barua ya mapendekezo ya Idara iwekewe siku maalumu ya kutolewa, na mwajiri aambiwe siku hiyo, angalau ajue anangoja nini.

Kuna jambo jingine linalotutia hofu. Sheria inamruhusu mtu kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kuishi hapa kwa haki za Jumuiya. Sudan Kusini, Kongo na Somalia sasa ni wanachama, kwa hiyo hili linawagusa walio wengi kambini. Lakini haki za Jumuiya zinadai pasipoti au kitambulisho cha taifa, na pasipoti hutolewa na serikali ileile mtu aliyoikimbia. Isitoshe, akiacha ukimbizi anaacha pia kinga ya kutorudishwa kwenye hatari. Tunaomba asitie saini mtu yeyote kabla ya kuelezwa hayo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mshauri wa sheria, na apewe muda wa kubadili nia. Hiari ya mtu asiyejua anachokiacha ni hiari gani?

Haya yote yangeweza kungoja zamani, mgao ulipokuwa unatosha kushikilia nyumba. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulikatwa sana, na Agosti familia zikaanza kupangwa kwa makundi manne, la nne likiwa la wanaohesabiwa kujitegemea, wasiopata kitu. Mpango wa serikali uitwao Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi pamoja na wenyeji, uliozinduliwa Machi mwaka huohuo, nao umejengwa juu ya kujitegemea. Sasa mama aliyewekwa kundi la nne kwa kuwa ana kibanda cha mboga, na kadi yake imeisha muda, anawezaje kupokea malipo kwa simu, kukopa benki au kufuata mboga Kitale? Kabla familia haijaondolewa kwenye mgao, ikaguliwe kwanza kama mkuu wake ana kadi hai. Kama hana, jina lake litangulie kwenye foleni ya kadi na mgao wake uendelee hadi aipate.

Waraka tuliouomba kuhusu stakabadhi ukitoka, tunaomba ubandikwe kwenye ofisi za kambini na kwenye kila kizuizi kati ya Kakuma na Kitale, kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu na Kifaransa. Kuusoma kwa sauti mtaa kwa mtaa, hiyo tuachie sisi.

Wako katika utumishi,
Wasaidizi wa sheria wa kijamii, Kakuma na Kalobeyei